Kinga, Sumu na Kiziduo: Uhakiki wa Istilahi za Utafiti wa Mimea ya Dawa

Miongoni mwa matini za kisayansi ambazo mfasiri wa leo hukutana nazo mara kwa mara ni zile zihusuzo mimea ya dawa. Vyuo vikuu na taasisi za utafiti hutoa makala mengi yanayoeleza jinsi majani, magamba, mizizi au maua ya mmea fulani yalivyohifadhi ini la panya aliyepewa kemikali yenye madhara. Makala hayo huandikwa kwa lugha za kigeni, lakini habari zake haziishii huko. Humfikia msomaji wa Kiswahili kwa njia ya magazeti, vipeperushi, vibandiko vya chupa, vipindi vya redio na barua za maombi ziletwazo katika ofisi za Serikali. Katika safari hiyo kila neno hupita mikononi mwa mfasiri, hata pale ambapo mtu huyo mwenyewe hajihesabu kuwa mfasiri.

Nia ya makala haya si kupima ubora wa mmea wowote. Kazi hiyo ina wenyewe. Nia yetu ni kuhakiki istilahi ambazo kwazo habari hizo huletwa katika Kiswahili, na kuonyesha kwamba baadhi yake hutoa hukumu ambayo jaribio lenyewe halikuitoa. Istilahi ya namna hiyo ni mbaya hata kama ni tamu masikioni. Mwalimu atakayeisoma atafundisha kisichokuwapo. Ofisa atakayeisoma ataidhinisha asichokielewa. Na mgonjwa atakayeisoma huenda akabaki nyumbani saa ambazo angepaswa kuwa hospitali.

Tuchukue kichwa cha habari ambacho tumekiunda wenyewe kwa kufuata mtindo uliozoeleka: "Kinga ya dondoo la majani ya mlonge dhidi ya mkazo wa oksijeni uliosababishwa na kemikali." Hakuna kosa la sarufi hapa. Hata hivyo, karibu kila neno zito katika kichwa hicho lina kasoro, na kasoro hizo zote zinaelekea upande mmoja. Kabla ya kuzichambua, yafaa tueleze kwanza jambo lenyewe, kwa kuwa mwenye kutafuta neno pasipo kujua kitu ni sawa na fundi anayekata nguo kabla hajampima mvaaji.

1. Jambo lenyewe

Kemikali iliyotumika kwa miaka mingi katika majaribio ya aina hii ni kaboni tetrakloridi. Zamani kimiminika hicho kilitumika kufulia nguo bila maji na kuzimia moto, mpaka madhara yake yalipofahamika. Na tangu marekebisho ya mwaka 1990 ya Mkataba wa Montreal kimo katika orodha ya kemikali zinazodhibitiwa kwa sababu huharibu tabaka la ozoni.

Kaboni tetrakloridi ikiingia katika ini hukutana na kimeng'enya cha jamii ya sitokromu P450. Kimeng'enya hicho huibadilisha kuwa radikali huru, yaani kipande cha molekuli chenye elektroni moja isiyo na mwenzake. Radikali hiyo huungana na oksijeni, na zao lake hushambulia mafuta yaliyomo katika utando wa seli. Mafuta yakioksidishwa, nayo huzaa radikali nyingine, na shambulio husambaa kama moto wa nyika. Utando hutoboka, vimeng'enya vya ini huvuja na kuingia katika damu, na seli hufa.

Utaratibu wa jaribio ni huu. Panya hugawanywa katika makundi. Kundi moja haliguswi. La pili hupewa kaboni tetrakloridi peke yake. Makundi mengine hupewa kwanza kitu kilichotolewa katika mmea, aghalabu kwa siku kadhaa, ndipo kaboni tetrakloridi ifuate. Mara nyingi liko pia kundi linalopewa silimarini, dawa inayotokana na mmea wenye miiba uitwao Silybum marianum, ili iwe kipimo cha kulinganishia. Mwishowe panya huuawa, damu na maini yao hupimwa, na hesabu za makundi hulinganishwa. Zikiwa ndogo kwa panya waliopewa mmea kuliko kwa wale waliopewa kemikali peke yake, mtafiti husema kwamba mmea umehifadhi ini.

Msomaji ashike mambo matatu. Aliyejaribiwa ni panya. Mmea ulitangulia, kemikali ikafuata. Na kilichopimwa ni viashirio vya madhara kwa muda mfupi. Istilahi njema ni ile isiyoyafukia mambo haya matatu.

2. Mkazo, msongo, au elemeo?

Dhana iliyo katikati ya utafiti huu haina umri mkubwa. Mwanabiokemia wa Kijerumani, Helmut Sies, aliifafanua katika kitabu alichokihariri mwaka 1985. Alisema kwamba katika mwili kuna mizani baina ya vitu vinavyooksidisha na vitu vinavyozuia uoksidishaji. Mizani hiyo ikielemea upande wa vile vya kwanza, kiasi cha kuweza kuleta madhara, hapo ndipo penye hali inayotajwa. Kiini cha dhana, basi, ni kuharibika kwa uwiano.

Wafasiri wetu wametumia maneno mawili. La kwanza ni "mkazo". Neno hili lina kazi tayari: mwalimu wa lugha hulitumia anapofundisha kwamba mkazo wa neno la Kiswahili huwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mwalimu wa fizikia hulitumia anapozungumzia kamba iliyovutwa. Katika matumizi yote mawili mkazo ni nguvu inayotiwa mahali pamoja. Hakuna mizani ndani yake. La pili ni "msongo", lililochukuliwa kutoka "msongo wa mawazo". Hili ni baya zaidi, kwani humfanya msomaji adhani kwamba ini lina huzuni, au kwamba mwenye fikra nyingi amepatwa na hali ileile aliyopatwa nayo panya wa maabara. Tena wapo wauzaji wanaoitumia fursa hiyo kumwuzia mtu aliyechoka kazini kitu kilichojaribiwa kwa kaboni tetrakloridi.

Vilevile wapo walimu wanaosema "kutu ya mwili". Mfano huo unafaa darasani, kwa sababu chuma kinachoshika kutu ni chuma kinachooksidishwa, na mtoto anaiona kutu kwa macho yake. Lakini mfano si istilahi. Kutu ni uharibifu mtupu, ilhali uoksidishaji ndio unaotupatia nguvu kutoka katika chakula, na chembe nyeupe za damu huzitumia radikali hizohizo kuulia vijidudu. Mwili usio na uoksidishaji ni maiti. Anayejifunza kwamba uoksidishaji ni kutu atahitimisha kwamba kila kinachouzuia ni chema, na hitimisho hilo, kama tutakavyoona, limekwisha kuwadhuru watu.

Sisi twapendekeza "elemeo la uoksidishaji". Jahazi lililopakiwa vibaya husemwa kuwa limeelemea upande. Shehena ni ileile, bahari ni ileile, kilichoharibika ni uwiano. Mtu mwenye mzigo kupita uwezo wake husemwa kuwa ameelemewa. Kitenzi hiki, basi, kinabeba mawazo mawili yanayotakiwa: mizani iliyopinda, na uwezo uliozidiwa. Tena hakijashikwa na taaluma nyingine kiasi cha kuleta utata.

3. Sumu na vizuizi vyake

Neno linaloongoza kwa kupotosha ni "sumu". Vitu vinavyozuia uoksidishaji huitwa katika magazeti na vibandiko "viondoa sumu", na kazi yake huelezwa kuwa ni "kusafisha mwili". Radikali huru nazo huitwa "sumu". Mahali pengine mambo yamekuwa kichekesho: tumekuta matini zilizofasiriwa kwa mashine ambamo radikali huru zimegeuka "itikadi kali", kana kwamba ndani ya ini mna chama cha siasa. Kosa la mashine huchekesha, na kwa hiyo halidumu. Kosa la mwanadamu halichekeshi, na ndilo linalokaa.

Kwa nini "kiondoa sumu" ni kosa? Kwanza, kizuia uoksidishaji hakiondoi kitu mwilini. Baadhi ya vizuizi hutoa elektroni kwa radikali na kuituliza. Vingine husaidia vimeng'enya vya mwili wenyewe. Kazi ya kuondoa ni ya ini, figo, mapafu na matumbo. Pili, si kila sumu hudhuru kwa njia moja. Dawa za kuulia wadudu za jamii ya oganofosfati, ambazo mkulima huzijua vizuri, madhara yake makuu hutokana na kukifunga kimeng'enya kinachovunja asetilkolini kwenye miisho ya neva; mgonjwa wake hutibiwa hospitali kwa atropini. Kuzuia uoksidishaji hakukifungui kimeng'enya hicho. Kibandiko kinachosema "huondoa sumu" bila kutaja ni sumu gani kinamwahidi mkulima huyo jambo ambalo hakuna jaribio la kaboni tetrakloridi lililowahi kulisema.

Tatu, jina hilo hutangaza wema kabla ya ushahidi. Hapa historia inatufunza. Beta-karotini ni rangi ya mimea, ile iliyomo katika karoti, na ni kizuia uoksidishaji kinachojulikana sana. Nchini Finland, wanaume wavutaji sigara 29,133 waliingizwa katika jaribio ambamo baadhi yao walipewa vidonge vyake kila siku. Matokeo yalipotolewa mwaka 1994, waliomeza beta-karotini walionekana kuwa na saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wale ambao hawakuimeza. Nchini Marekani jaribio la watu 18,314, ambamo beta-karotini ilitolewa pamoja na vitamini A, lilisimamishwa mwaka 1996 kabla ya wakati wake, saratani ya mapafu ikiwa imezidi kwa asilimia 28. Waliojaribiwa walikuwa wavutaji sigara wa wakati huo au wa zamani, na watu waliofanya kazi kwenye asbesto; yaani walewale waliodhaniwa kuwa wangefaidika zaidi.

Lau kitu hicho kingeitwa "kiondoa sumu", nani angeelewa habari hiyo? Sentensi "kiondoa sumu kiliongeza saratani" inajipinga yenyewe. Lakini sentensi "kizuia uoksidishaji kiliongeza saratani" inaeleweka, na inamsukuma msomaji kuuliza sababu. Istilahi isiyoweza kuibeba habari mbaya haifai kubeba hata habari njema. Kwa hiyo twapendekeza "kizuia uoksidishaji", kwa wingi "vizuia uoksidishaji", na "radikali huru" kama ilivyo. Neno "sumu" libaki kwa kitu kinachotajwa kwa jina na kiasi chake.

4. Dondoo na kiziduo

Kitu kinachotolewa katika mmea huitwa sasa "dondoo", mara nyingine "juisi", "maji" au "dawa ya majani". Kudondoa ni kuokota kimoja kimoja kwa kuchagua, kama kuku adonoavyo punje au msomaji achukuavyo maneno kitabuni. Ndiyo maana tunasema madondoo ya hotuba. Anayedondoa anajua anachokichukua na anachokiacha. Mkemia aliyeloweka unga wa majani katika ethanoli hachagui hivyo: kiyeyushi huchukua chochote kinachoyeyuka ndani yake, kilicho chema na kilicho kibaya, kinachojulikana na kisichojulikana. "Dondoo", basi, husifu kazi kuliko inavyostahili.

Katika istilahi za kemia kuna kitenzi "zidua" chenye maana ya kutoa kitu kutoka ndani ya kingine, na kutoka hapo tunapata "uziduaji" kwa tendo lenyewe na "kiziduo" kwa kinachopatikana. Tunaliunga mkono neno hili, lakini kwa sharti kwamba lisisimame peke yake. Kiziduo cha maji na kiziduo cha ethanoli cha majani yaleyale ni vitu viwili, kwa kuwa kila kiyeyushi kina kinachokubaliana nacho. Mfasiri anayeandika "kiziduo cha mlonge" tu amefanya nusu ya kazi. Ataje sehemu ya mmea na ataje kiyeyushi: "kiziduo cha ethanoli cha majani ya mlonge".

Hapa yafaa tukumbuke kwamba waganga wetu hawakuwa wazembe katika lugha. Walitofautisha kuchemsha, kuloweka, kukamua, kutwanga, kusaga na kuchoma mpaka majivu, wakijua kwamba kila njia hutoa dawa yake. Mfasiri anayeyakusanya yote hayo katika neno moja amekuwa maskini wa lugha kuliko bibi yake. Kama jaribio lilitumia mchemsho, aseme mchemsho.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Chai ya kijani hunywewa na mamilioni ya watu bila taabu. Lakini kiziduo chake kilichokolezwa na kutiwa katika vidonge kimewahi kuwadhuru baadhi ya watu maini yao. Mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba vidonge vinavyompa mtu miligramu 800 au zaidi kwa siku za kijenzi kikuu cha kiziduo hicho huenda vikapandisha vimeng'enya vya ini katika damu. Zingatia: ini hilohilo ambalo viziduo husifiwa kwa kulihifadhi. Anayefasiri kiziduo kwa neno "chai", au chai kwa neno "kiziduo", hajakosea mtindo, amekosea kipimo.

5. "Na" na "kwa"

Sasa tutazame maneno "uliosababishwa na kemikali". Kasoro ya kwanza ni neno "kemikali" lenyewe, ambalo katika mazungumzo ya mitaani limekuwa kinyume cha "asili". Utasikia mtu akisifu dawa yake kuwa "haina kemikali". Lakini vilivyomo katika jani la mlonge ni kemikali, na maji nayo ni kemikali. Kichwa cha habari kinachoweka jani upande mmoja na kemikali upande wa pili kimeshaamua nani shujaa na nani adui. Dawa ya tatizo hili ni rahisi: kemikali itajwe kwa jina. Tuandike "parasetamoli" au "kaboni tetrakloridi", na vita hivyo vya uongo vitakoma.

Kasoro ya pili imo katika kiunganishi, na ni ya kisarufi. Katika kauli ya kutendwa, Kiswahili hutambulisha mtenda kwa "na", na chombo kwa "kwa". Twasema mti umekatwa na Juma kwa shoka. Tukisema "mti umekatwa na shoka", tumemficha Juma. Vivyo hivyo, "elemeo lililosababishwa na kemikali" huifanya kemikali kuwa mtenda, na mtafiti aliyeipima, akaijaza katika bomba la sindano na kumdunga panya, hutoweka. Msomaji hudhani kwamba habari ni ya ajali: labda mfanyakazi wa kiwandani, labda mtoto aliyefungua kabati. Tukisema "elemeo lililochochewa kwa kaboni tetrakloridi", mara tunauliza: lilichochewa na nani? Kwa kiasi gani? Ndani ya nani? Sarufi yenyewe inamrudisha mtafiti maabara, na panya pamoja naye.

Ni nadra kwa lugha kumpa mfasiri silaha ndogo kiasi hiki yenye makali kiasi hiki. Ni herufi chache tu, lakini ndizo zinazotenganisha jaribio na tukio.

6. Kinga

Tumelibakiza mwisho neno linalopendwa kuliko yote. "Kinga" ni neno lenye heshima, na heshima hiyo limeipata kwa haki. Wizara za afya zimetufundisha kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Tunajua kinga ya mwili, tunajua chanjo zinazoleta kinga. Kwa sababu hiyo msomaji anaposoma kwamba mmea unatoa "kinga dhidi ya sumu", huelewa jambo linalofanana na chanjo: kwamba akinywa leo, kesho sumu haitampata.

Jaribio halikusema hivyo. Lilisema kwamba viashirio fulani vilipungua kwa panya waliotangulia kupewa kiziduo. Tena kupungua huko kwaweza kuwa na sababu mbili zisizofanana. Sababu moja ni kwamba kiziduo kilizituliza radikali. Sababu ya pili ni kwamba kiziduo kilikifunga kimeng'enya cha sitokromu, na hivyo kaboni tetrakloridi haikubadilishwa kuwa radikali hata kidogo. Katika hali hii ya pili panya wamepona kwa kuwa sumu haikuzaliwa, wala hakuna ushahidi kwamba kiziduo kingefaa kitu kama ingekwisha kuzaliwa. Zaidi ya hayo, kimeng'enya kilichofungwa huenda ndicho kinachohitajika kuvunja dawa nyingine anazozimeza mgonjwa. Watafiti makini hulipima jambo hili. Mfasiri hana budi kuona kama limepimwa, na kama halikupimwa asilifukie kwa neno "kinga".

Lakini jambo zito zaidi ni la wakati, na hapa mfano wa parasetamoli unatosha. Mtu akimeza parasetamoli kwa kiasi cha kawaida, ini hubadilisha sehemu ndogo tu ya dawa hiyo kuwa kitu kikali, na kitu hicho hunaswa mara moja na glutathioni, kizuizi ambacho mwili hujitengenezea. Akimeza kupita kiasi, glutathioni huisha, na seli za ini huanza kufa. Hospitali wanayo dawa ya kubatilisha madhara hayo, N-asetilisisteini, iliyoanza kutumika kwa kazi hiyo katika miaka ya 1970. Kazi yake ni kuurudishia mwili uwezo wa kutengeneza glutathioni, na hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 tangu dawa kumezwa. Sasa, siku ya kwanza mgonjwa huyo aweza asijisikie vibaya sana. Anatembea, anazungumza, na saa zinakwenda.

Majani ya mlonge, maua ya rosela na manjano ya jikoni yote yamewahi kujaribiwa kwa panya waliopewa parasetamoli. Haya ni majaribio halali, na huenda siku moja yakazaa dawa. Lakini mzazi aliyesoma kwamba mlonge ni "kinga dhidi ya sumu ya parasetamoli", naye mwanawe amemeza vidonge vya chupa nzima, atafanya nini? Atachuma majani. Hatajua kwamba panya walipewa kiziduo kabla, wala kwamba mwanawe yuko baada. Neno moja limemla saa 8 zake.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba "kinga" iachiwe chanjo na kinga ya mwili. Kwa matokeo ya majaribio haya tutumie "hifadhi", na daima tueleze mpangilio wa wakati. Kiziduo kikitangulia, tuseme "hifadhi tangulizi". Kikitolewa baada ya kemikali, tuseme "tiba fuatizi". Na kama makala ya asili hayakueleza mpangilio huo, mfasiri asiubuni. Auandikie uongozi wa jarida au mtafiti mwenyewe, aulize.

7. Hoja za wapinzani

Tunajua yatakayosemwa. Ya kwanza, kwamba istilahi hizi ni ndefu, na kibandiko cha chupa ni kidogo. Tunajibu kwamba kama kibandiko hakina nafasi ya ukweli, basi kina nafasi ya kunyamaza. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002, iliiweka tiba hiyo chini ya usimamizi wa baraza lake. Ofisa anayesimamia kazi za namna hiyo hupima madai kwa maneno yaliyoandikwa. Maneno yakiwa mapana, hana pa kushika.

Ya pili, kwamba mwananchi wa kawaida hataelewa "elemeo la uoksidishaji". Hata "ukosefu wa kinga mwilini" lilikuwa fungu geni lilipoanza kusikika, na leo kila mtu analijua. Neno geni hufundishwa. Neno lililozoeleka kwa maana isiyo yake huwa gumu kuling'oa.

Ya tatu ndiyo nzito. Watasema kwamba ukali huu unaidharau mitishamba yetu, na kwamba wageni hawaandiki hivyo kuhusu dawa zao. Sivyo. Silimarini, iliyotoka katika mmea wa miiba wa nchi za Mediterania, ilipata heshima kwa sababu kiziduo chake kilielezwa viyeyushi vyake, vijenzi vyake vikapewa majina, na kimojawapo, silibinini, kikafikia kutumiwa Ulaya kwa watu waliokula uyoga wenye sumu uitwao Amanita phalloides. Uangalifu wa maneno ndio uliouvusha mmea huo kutoka shambani hadi wodini. Tukiinyima mimea yetu uangalifu huo kwa kuipa sifa za jumla, tunaifungia njia. Mmea unaosemwa kwamba unaponya kila kitu hauna swali lililobaki la kuuliza, na usio na swali hautafitiwi.

Turudi, basi, katika kichwa cha habari tulichoanza nacho, na tukiandike upya: "Kiziduo cha ethanoli cha majani ya mlonge, kikitangulizwa kwa panya, kilipunguza elemeo la uoksidishaji lililochochewa kwa parasetamoli." Ni kirefu zaidi, na hakiuzi chupa. Lakini kila anayekisoma anajua ni kitu gani, kilitolewaje, kwa nani, lini na dhidi ya nini. Mwalimu aweza kukichora ubaoni, ofisa aweza kukiuliza maswali, na mzazi mwenye mtoto aliyemeza vidonge hataona ndani yake ruhusa ya kungoja.

Mapendekezo haya tunayaweka mbele ya wasomaji ili yapimwe. Atakayeona neno bora kuliko "elemeo" au "hifadhi tangulizi" na alilete, mradi neno lake lituambie kwamba aliyejaribiwa alikuwa panya, na kwamba kiziduo kilitangulia.